Nukta Kumi na Nne

Habari kwamba mke wa kinyozi anakuwa profesa ilienea mtaani kabla hata chuo chenyewe hakijaamua. Kinyozi ndiye aliyeitoa. Alhamisi jioni mkewe alimwambia kwamba kamati ya kupandisha vyeo itamwita baada ya wiki tatu, akamsihi afunge mdomo mpaka mambo yatimie. Kinyozi aliufunga Ijumaa nzima, na siri ikamuuma kama jino bovu. Jumamosi asubuhi mteja wa kwanza alikaa kitini, akafungwa shuka shingoni, akauliza kwa mazoea tu, "Habari za nyumbani?" Habari za nyumbani zikamwagika zote.

"Profesa kabisa?" aliuliza fundi rangi wa magari, mteja wa miaka mingi ambaye kucha zake hazijawahi kuwa za rangi moja. "Au wa kukaimu?"

"Kabisa. Profesa wa hisabati. Mwanamke wa kwanza katika idara ile."

"Basi utapandisha bei."

"Bei haipandi," kinyozi alisema, akipuliza nywele kwenye mashine. "Ninayepanda ni mimi."

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakacheka, naye akacheka nao. Alikuwa na haki ya kufurahi. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alifundisha chuoni miaka thelathini na mmoja, akipanda vyeo polepole kama mtu anayepanda ngazi na mizigo mikono yote miwili. Uprofesa aliuomba mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa makala zake hazitoshi. Mara ya pili aliambiwa fomu aliyojaza ni ya zamani. Safari hii makala zilitosha na fomu ilikuwa mpya, na ilibaki mwaka mmoja na nusu astaafu. Ombi lake lilisimama juu ya makala moja kubwa, aliyoichapisha miaka kumi na moja iliyopita katika jarida la mbali, yenye nadharia ambayo wataalamu wa fani yake waliitaja kwa heshima.

Jumatano iliyofuata Mwalimu alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida yake. Alipita sebuleni bila kusalimia, akaketi kwenye meza ya chakula, akaweka karatasi moja mbele yake na kuitazama. Bibi, mama mzazi wa kinyozi, alikuwa akichambua mchele pale pale mezani. Akasogeza sinia lake kidogo.

"Mkwe wangu, umefiwa?"

"Hapana, mama."

"Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Basi vua viatu."

Mwalimu akavua viatu. Aliketi hivyo mpaka mumewe aliporudi, akanawa mikono, akavuta kiti.

"Nimekosea," alimwambia.

"Umekosea nini?"

"Kwenye makala."

"Makala ipi?"

"Ile."

Kinyozi hakuhitaji kuambiwa ile ni ipi. Aliitazama karatasi. Ilikuwa na nukta kumi na nne zilizounganishwa kwa mistari, kama wavu uliosukwa na mtu mwenye mawazo mengine kichwani.

Mkewe akamsimulia. Alikuwa na mwanafunzi wa shahada ya pili, msichana ambaye wenzake walimbandika jina la Dodosa, kwa sababu hakuna sentensi iliyompita bila kupekuliwa mifuko. Mwalimu alimpa makala ile aisome mstari kwa mstari. Jumatatu, Dodosa alikuja ofisini akafungua ukurasa wa kumi na tisa, mahali palipoandikwa *ni dhahiri kwamba*. Akasema, samahani Mwalimu, kwangu mimi si dhahiri. Mwalimu alisimama na chaki ili amwonyeshe. Alisimama mpaka chaki ikalowa jasho mkononi. Siku mbili walihangaika pamoja kuziba ufa ule, na leo adhuhuri, badala ya kuuziba, wakapata mchoro huu unaoivunja nadharia nzima.

Kinyozi alifikiri. "Makala hiyo imesomwa na watu wangapi duniani?"

"Kwa makini? Labda kumi na wawili."

"Na hao kumi na wawili, miaka kumi na moja, hawakuona kitu?"

"Hawakuona."

"Basi unataka nini tena, mke wangu? Nyamaza wiki mbili. Ukishapata cheo, sahihisha taratibu. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na Dodosa anajua. Nitamfundisha nini mtoto wa watu baada ya hapo?"

"Lakini watu wameshaambiwa..." Kinyozi alijikatiza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mwalimu akainua uso. "Watu gani?"

"Wachache tu."

"Hata muuza mkaa kanipa hongera," Bibi alisema, bila kuinua macho kwenye mchele.

Kilichofuata hakikuwa ugomvi mkubwa, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyejua kugombana vizuri. Lakini kinyozi alisema jambo ambalo alilijutia likiwa bado mdomoni. "Miaka thelathini na mmoja nimekuwa mume wa mwalimu, na sijanung'unika. Nilitaka tu nife mume wa profesa. Ni kubwa sana hilo?"

Mkewe alichukua karatasi yake na viatu vyake, akaingia chumbani.

Bibi alimalizia mchele. "Mwanangu," alisema, "wewe ukimkata mteja sikio, humvalishi kofia ukamwambia nenda salama."

Siku ya tatu, gari jeupe lilisimama mbele ya duka la kinyozi, akashuka mwanamume mnene mwenye tai. Alikuwa mkuu wa idara ya hisabati. Kwa kawaida alinyolewa katika duka lenye kiyoyozi kule mjini, na wote wawili walilijua hilo, lakini alikaa kitini akisema amekuwa akitamani kufika siku nyingi.

"Punguza pembeni tu," aliagiza. Kisha, shuka lilipokwisha kufungwa, akashusha sauti. "Shemeji, nimekuja kwako kama mtu mzima kwa mtu mzima. Mkeo amenijia na jambo la ajabu. Anataka kuiambia kamati kwamba kazi yake ina kosa."

"Ameniambia."

"Idara yangu haijatoa profesa kwa miaka tisa. Tisa! Mwezi ujao wanagawa nafasi za masomo na fedha za utafiti, na idara isiyo na profesa inapewa makombo. Kosa lililokaa kimya miaka kumi na moja linashindwa kungoja wiki mbili? Zungumza naye. Huu ni utoto."

Kinyozi alikuwa nyuma ya sikio la kushoto. Kwa kweli alikubaliana na kila neno, kwani yalikuwa maneno yake mwenyewe. Lakini kulisikia neno *utoto* likitoka kwa mtu mwingine kulimfanya asimamishe mkono.

"Unajua alivyo," mkuu aliendelea, akitabasamu kwenye kioo. "Mwema, lakini haombi kitu. Wenzake wote walishahamia jengo jipya. Yeye tulimweka kwa muda kile chumba cha karibu na vyoo, pale wafagizi wanapohifadhi vifaa vyao, na ni mwaka wa saba huu hajalalamika hata siku moja. Akiwa profesa tutamtafutia chumba cha maana."

Mashine iliendelea kunguruma hewani, mbali na kichwa. Kinyozi aliikumbuka sauti ya mkewe kila alipomuuliza kuhusu ofisi: *Ina utulivu, baba. Hakuna anayenisumbua.* Alijua wembe uko kwenye droo ipi. Alijua pia kwamba kichwa cha mtu hakina kosa lolote. Akamaliza kunyoa, akanyoosha mstari wa kisogoni kwa uangalifu kuliko alivyozoea, akapangusa shingo, akafungua shuka.

"Mkuu," alisema, "umependeza. Ujumbe nitaupeleka mwenyewe. Lakini ukija tena, nishauri kuhusu mambo mengine. Kuhusu mke wangu, nimeshapata wa kunishauri."

Akamtoza bei ya kila siku, akamrudishia chenji yake yote.

Kesho yake kinyozi alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya ila siku za msiba, akaenda chuoni. Alipita jengo jipya lenye vioo, akauliza njia mara tatu, na mwisho akaongozwa na harufu ya dawa ya kusafishia choo. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza, viti viwili, vitabu mpaka darini, na kwenye kona mafagio sita na ndoo mbili. Ubao haukuwapo. Mwalimu alikuwa ameupaka mlango rangi nyeusi kwa upande wa ndani, na sasa yeye na msichana mwembamba walikuwa wamesimama mbele yake, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, wakicheka.

Kinyozi hakutegemea kukuta kicheko. Alisimama kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo, baba," msichana alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Dodosa?"

"Ndiye mimi," alisema, akitazama viatu vyake. "Naomba unisamehe, baba. Nisingeuliza..."

"Usimsamehe," Mwalimu alisema. "Hajakosa. Ingia, mume wangu, usimame penye nafasi. Sogeza fagio."

Akasogeza fagio, akaketi. Kisha, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akauliza swali akiwa na nia ya kuelewa jibu. "Nionyesheni hilo kosa."

Mwalimu alimpa karatasi yenye zile nukta kumi na nne na penseli tatu: nyekundu, buluu na kijani. "Kila nukta ina mistari mitatu. Ipake mistari yote kwa rangi hizi, ili kwenye nukta yoyote zikutane rangi tatu tofauti. Nilisema mitandao yote ya aina hii inapakika. Nilidhani nimethibitisha."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Kinyozi alivuta miwani. Alianza kwa madaha, nyekundu hapa, buluu pale, kama mtu anayejaza fomu. Mistari kumi na minane ilikwenda vizuri. Kwenye wa kumi na tisa akakwama. Akaomba karatasi nyingine. Safari ya pili akaanzia upande wa pili, akakwama. Mara ya nne alivua koti. Dodosa alimletea maji, akayasahau. Baada ya saa nzima aliweka penseli chini na kumtazama mkewe. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyesukuma ukuta akauamini.

"Haipakiki," alisema.

"Haipakiki."

"Hata mtu akikupa uprofesa mara kumi."

"Hata mara kumi, baba."

Halafu kinyozi akasema, "Mkuu wako alikuja kunyolewa. Alinituma nikwambie unyamaze. Sasa nimekwambia alichonituma. La kwangu mwenyewe ni hili: sema. Na yale maneno ya juzi mezani, yafute."

Mwalimu alichukua kitambaa cha ubaoni akampangusa vumbi la chaki begani, ingawa koti alikuwa amelivua na vumbi lile lilikuwa la mkono wake yeye mwenyewe. Dodosa akaanza kuyahesabu mafagio.

Siku ya kamati, kinyozi alimsindikiza mkewe mpaka mlangoni, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Ilikuwa siku ya joto na mlango uliachwa wazi, kwa hiyo aliona na kusikia kila kitu. Wajumbe walikuwa saba. Sita walikuwa kama alivyowatarajia: mwenyekiti mwenye sauti ya redio, mkuu wa idara aliyekohoa kila mara, na wengine waliopekua makaratasi. Wa saba alikuwa mzee mmoja mwanahisabati, mtahini wa nje, aliyealikwa kutoka chuo cha mbali. Huyo alionekana amelala.

Mwenyekiti alimpongeza Mwalimu kwa utumishi wake wa muda mrefu, akamkaribisha aieleze kazi yake kuu. Mwalimu akasimama.

"Kazi yangu kuu si sahihi," alisema. "Kwenye ukurasa wa kumi na tisa kuna hatua isiyothibitika. Mwanafunzi wangu ndiye aliyeiona. Nimeshaliandikia jarida. Naomba kamati isiihesabu makala hiyo."

Mkuu wa idara alikohoa kikohozi kirefu. Mtu fulani akaangusha kalamu. Mwenyekiti akasema, kwa upole wa mtu anayefunga jeneza, kwamba bila makala ile ombi halina uzito wa kutosha, na kwamba kamati inathamini ukweli wake. Kinyozi alifumba macho pale kwenye benchi.

Ndipo mzee aliyelala akafumbua yake. "Mingapi?" aliuliza.

"Samahani, profesa?"

"Mitandao inayoivunja nadharia yako. Umepata mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Tumetafuta wiki mbili. Mmoja tu, wa nukta kumi na nne."

Kiti kilikwaruza sakafu. "Uchore."

Mwalimu akauchora. Mzee akauendea ubao, akachukua chaki ya pili, na wawili wale wakaanza kusemezana kwa lugha ambayo ndani yake kinyozi aliokota maneno matatu tu, *labda* na *hapana* na *ngoja*. Walifuta, wakachora, wakanyang'anyana kitambaa cha ubaoni. Mwenyekiti aligonga meza akisema kuna waombaji wengine wanne nje. Aligonga tena. Mara ya tatu, mzee alimgeukia akasema, "Bwana mwenyekiti, unajua tofauti ya nadharia iliyokufa na nadharia yenye kasoro moja? Ya pili ni ngumu zaidi kuthibitisha, na ni nzuri zaidi. Mwacheni mama huyu akafanye kazi. Akiithibitisha, mniite tena, hata kama ni kwa nauli yangu."

Kamati iliandika kwamba ombi limeahirishwa. Mkuu wa idara alipotoka alimpita kinyozi bila kumtazama, na kinyozi akaona kwa kuridhika kwamba ule mstari wa kisogoni ulikuwa bado umenyooka.

Jumamosi benchi la kinyozi lilijaa hata watu wasiohitaji kunyolewa.

"Tumuite profesa?" fundi rangi aliuliza.

Kinyozi alikuwa amejiandaa kusema kikao kimesogezwa mbele. Uongo ule aliuandaa vizuri, ulikuwa na sababu na tarehe. Lakini alipofungua kinywa alijikuta akisema, "Bado. Aligundua kosa kwenye kazi yake mwenyewe, akawaambia wakubwa wote uso kwa uso." Na kwa kuwa hakuna aliyeonekana kuelewa, akatoa mfukoni ile karatasi. "Njooni niwaonyeshe. Atakayeipaka rangi hii, namnyoa bure mwaka mzima."

Alitoa nakala za mchoro, akafunga penseli tatu kwa uzi kwenye mguu wa benchi. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyelalamika kwamba foleni ni ndefu. Waliokuja kunyoa ndevu walikaa mpaka zikaanza kuota upya. Muuza mkaa alijaribu, mshona viatu alijaribu, mhudumu wa zahanati akajaribu akiwa na sare yake. Fundi rangi ndiye aliyeathirika zaidi. Aliona aibu kushindwa na rangi tatu, yeye mtu aliyechanganya rangi maisha yake yote, akawa anabeba nakala mpaka gereji. Siku moja aliingia akipiga kelele kwamba ameiweza, mpaka kinyozi alipokuta mistari miwili haikupakwa.

"Hiyo niliiacha kwa makusudi," fundi alisema. "Inakera."

Nakala zilizoharibika kinyozi alizipeleka nyumbani kila wiki, mwanzoni kwa ajili ya kumchekesha mkewe tu. Baada ya miezi mitatu alikuta Mwalimu na Dodosa wamezitandaza sakafuni, zaidi ya mia mbili, na Bibi amefukuzwa kutoka kwenye mkeka wake.

"Angalia hapa," Mwalimu alimwambia bila salamu. "Hawa watu hawajui hisabati. Kila mmoja kaanzia anakotaka. Lakini karibu wote wamekwama sehemu mbili hizi hizi. Sisi tulikuwa tunaanza kila mara kutoka katikati, kwa hiyo hatukuona. Shida yote ya mchoro imekaa hapa na hapa. Tukionyesha kwamba mtandao mwingine wowote hauwezi kuwa na sehemu mbili za namna hii..."

"Tumemaliza," Dodosa alisema.

"Hatujamaliza. Tumepata pa kuanzia."

Pa kuanzia palichukua miezi saba. Katika miezi hiyo walikosea mara nne, na kila walipokosea Mwalimu alirudi nyumbani akitangaza mlangoni, "Si kweli tena!" kama mtu anayetangaza mvua, na Bibi akajibu kutoka jikoni, "Vua viatu." Mara ya tano hakutangaza kitu. Aliingia, akaketi, akamwomba mumewe chai, akaimaliza yote ikiwa moto, na kinyozi akajua.

Makala mpya ilikuwa na majina mawili, la Mwalimu na la Dodosa. Ilisema kwamba mitandao yote ya aina ile inapakika, isipokuwa mmoja. Mwishoni waandishi waliwashukuru wateja wa duka moja la kinyozi. Yule mzee aliitwa tena, akaja, na safari hii hakufumba macho hata kidogo. Barua ya uprofesa ilifika Jumanne, ikiwa imebaki miezi mitano Mwalimu astaafu. Kinyozi aliisoma dukani kwa sauti, akaombwa aisome tena, akaisoma.

Kila profesa mpya hutoa mhadhara wa hadhara. Safu tatu za nyuma za ukumbi zilijaa watu wasio wa chuo, vichwa vyote vimenyolewa upya, na mkuu wa idara alilazimika kusimama ukutani. Mwalimu alieleza kwa saa nzima. Alipokaribisha maswali, mkono wenye kucha za kijani ukainuka.

"Mwalimu," fundi rangi alisema, "na kama tungeongeza rangi ya nne?"

Baadhi ya wasomi waligeuka kumtazama. Mwalimu akatabasamu. "Rangi nne zinatosha siku zote."

"Siku zote?"

"Siku zote. Hilo lilithibitishwa zamani sana."

"Sasa mwaka mzima huu tulikuwa tunabania rangi moja kwa nini?"

Ukumbi ulipasuka. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza, na kinyozi, katika safu ya mbele, akagundua kwamba hajawahi kumwona akicheka hivyo mbele za watu.

Walipokuwa wakitoka, Bibi alimshika mwanawe mkono kwenye ngazi. Alivaa nguo yake nzuri, na kwa saa nzima alikuwa amekaa wima bila kusinzia. "Haya, nieleze. Mkeo amefanya nini hasa?"

"Mama, zamani alisema jambo fulani ni kweli kila mahali. Akaonyeshwa mahali pamoja ambapo si kweli, akakubali. Halafu akathibitisha kwamba ni hapo tu. Kwingine kote ni kweli."

Bibi alifikiri kwa muda wa ngazi tatu. "Hapo mwanzo alikuwa anajua?"

"Alidhani anajua."

"Na sasa?"

"Sasa anajua."

"Basi huyo ni profesa," Bibi alisema, kana kwamba kamati ilikuwa ikimsubiri yeye. Akageuka kumtafuta mkwewe. Alimwona kule juu mlangoni, amezungukwa na watu, fundi rangi akimchorea kitu hewani kwa kidole na Dodosa akitikisa kichwa kukataa. "Mwite aje," alimwambia mwanawe. "Njaa inauma."